Springi nyeupe ndani ya kibua

SWALI: Shikamoo babu. Mimi nakaanga samaki hapa Tanga. Juzi nilinunua vibua ndoo nzima. Kuwapasua, nikakuta juu ya maini na matumbo vidudu vyeupe vimejikunja kama springi ya saa. Muuzaji anasema vimetoka kwenye barafu chafu. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema kitabuni wanaitwa Anisakis simplex, na tutaumwa. Mkweli nani? – Mama Mkaangaji

JIBU: Marahaba mwanangu. Barafu haizai minyoo. Hao waliingia kibua akiwa hai, kwa njia ya chakula. Yai hutoka na kinyesi cha pomboo, lava, yaani mnyoo mchanga atokaye yaini, huliwa na vidudu jamii ya uduvi, vidudu huliwa na kibua, na kibua naye anatakiwa aliwe na pomboo, maana tumboni mwa pomboo ndimo mnyoo anakokomaa na kutaga. Kwa kibua ni abiria tu, kajikunja anangoja kushuka.

Binti yako amepata nusu. Mnyooshe mmoja kwenye sahani ya maji ya chumvi, mtazame kwenye mwanga. Ana sentimita 2 hivi, wengine 3. Karibu na kichwa utaona kipande kimeng'aa kwa weupe kuliko mwili: ni kifuko kati ya koo na utumbo. Ukipata hadubini, mdomoni kuna kijino cha kutobolea, na kwenye ncha ya mkia kamwiba kadogo. Kwa hayo najua ni Anisakis. Lakini ni Anisakis yupi? Jicho halisemi.

Mimi mwenyewe, enzi zangu za maabara, kila chupa niliibandika "simplex". Naona haya leo. Simplex ni mnyoo wa bahari za baridi; wa bahari zetu za joto ajulikanaye zaidi ni Anisakis typica, ambaye amekwisha kutambuliwa hata pwani ya Somalia. Ningeambiwa niweke dau juu ya vibua vyako, ningeweka kwa typica.

Aliyetufumbua macho ni vinasaba. Miaka ya 1980 wataalamu wa Italia walilinganisha protini za minyoo, wakakuta "simplex" si mmoja, ni ndugu waliovaa ngozi ileile. Mmoja wao alipata jina lake mwaka 2014 tu: Anisakis berlandi. Siku hizi hukuzwa kipande cha DNA, kikakatwa kwa vimeng'enya, vipande vikatandazwa kwenye jeli. Kila ndugu anaacha mistari yake, kama kabila na chale zake. Wala si ubishi wa majina. Japani, katika samaki wa jamii ya kibua, simplex hupenya kwenye mnofu mara nyingi kuliko ndugu yake pegreffii, ambaye hubaki zaidi matumboni. Kwa watu wanaokula samaki mbichi, hiyo ni tofauti ya kulala usingizi na kukimbizwa hospitali.

Maana akimezwa hai hung'ata ukuta wa tumbo, na maumivu yake ni ya kukunja mtu. Wewe unakaanga, usihangaike: nyuzi 60 zikifika katikati ya mnofu kwa dakika moja, amekufa. Ndimu na siki havimuui. Pasua mapema utoe matumbo, kwani samaki akishakufa wengine huhamia kwenye mnofu. Mteja anayevimba midomo kila akila samaki, hata aliyeiva vizuri, aonane na daktari. Zipo protini za mnyoo huyu ambazo moto hauziwezi.

Binti akitaka kujua jina kamili, asiwatie minyoo kwenye formalini, inaharibu DNA. Awatie kwenye spiriti ya ethanoli ya asilimia 70 au zaidi, na ndani ya chupa atumbukize kikaratasi: kibua, Tanga, tarehe. Aandike kwa penseli, wino wa kalamu utayeyuka.