Uliza Mama Ustawi: Hawa wanaolala stendi tuwafanyie nini?

SWALI: Mbukwenyi, Mama Ustawi. Shikamoo. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa upande wa Nzuguni, Dodoma, si mbali na stendi kuu ya Nanenane. Vijana wanaolala kwenye vibaraza vya maduka wamekuwa wengi. Mchana wanabeba mizigo na kuokota makopo, usiku wanajifunika viroba. Kwenye mkutano wa hadhara wananchi waligawanyika: kuna wanaotaka polisi waje wawazoe, na kuna wanaotaka tuchange tujenge kituo cha kuwalea. Mtendaji ananidai mapendekezo ya mtaa kwa ajili ya bajeti ijayo. Mimi ni fundi seremala, mambo haya sikuyasomea. Nianzie wapi?
Mwenyekiti, Nzuguni

JIBU: Marahaba, mwenyekiti wangu. Barua yako nimeirudia mara tatu. Nashukuru umeuliza kabla ya kuchangisha.

Mwaka wangu wa pili katika kazi ya ustawi wa jamii tuliagizwa tuwaondoe watoto mjini kwa sababu kulikuwa na ugeni. Tuliwapakia kumi na tisa kwenye lori, tukawarudisha vijijini kwao, Bahi na Chamwino. Kila mmoja tulimkabidhi kwa mjumbe, mjumbe akasaini, tukaondoka. Siku ya tano niko mjini nasubiri daladala, nikasikia kanga yangu inavutwa. Alikuwa mtoto tuliyemwacha Mvumi. Akaniamkia, akaniuliza kama tulifika salama siku ile.

Alikuwa mtoto mwenye adabu, aliuliza kwa moyo wake wote. Alikuwa amerudi kwa miguu na kwa kudandia lori la mkaa, kwa sababu kule tulikompeleka hapakuwa na mtu wake. Mama alikuwa Dar es Salaam. Bibi aliyemlea alikuwa ameshazikwa. Mjumbe aliyesaini alikuwa na watoto saba wa kwake na debe moja la uwele. Kwenye faili langu niliandika kwamba mtoto ameunganishwa na familia. Sentensi hiyo bado inaniuma.

Ndiyo maana nakusihi, gari la polisi liache. Na kituo nacho kisiwe cha kwanza kwenye orodha yako. Jengo litataka kibali, walezi wenye ujuzi na chakula cha kila siku, na michango ya mtaa huchoka mapema. Kwa mtoto ambaye kweli hana pa kwenda, Dodoma ipo Makao ya Taifa ya Watoto pale Kikombo, na afisa ustawi wa jamii wa jiji ndiye anayejua njia ya kumfikisha huko. Anajua pia walezi wa kuaminika, yaani familia zilizokubaliwa kumpokea mtoto kwa muda wakati ndugu zake wanatafutwa. Mtaa wako ukipata familia mbili za namna hiyo, umepata kitu kikubwa kuliko jengo.

Anza kwa kuwajua. Toka usiku tatu tofauti, saa nne hadi saa saba, bila mtu mwenye sare. Nenda na mama lishe mmoja, mlinzi wa maduka mmoja, na kijana mmoja aliyewahi kulala pale ambaye wenzake wanamwamini. Usiwapige picha. Waulize mambo matatu: umetoka wapi, uliondoka mwezi gani, na ni nani ungependa ajue kwamba uko salama. Hilo la tatu nililipata baada ya miaka mingi ya kuuliza maswali mabaya. Ukimuuliza mtoto wazazi wake wako wapi, anafunga mdomo. Ukimuuliza nani ungependa ajue uko salama, atakutajia shangazi, mwalimu wa darasa la tatu, kaka aliyeoa Kongwa. Huyo ndiye mlango wako.

Mwezi nao una maana. Huku kwetu mvua ni moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili, na ghala la mtama hukauka kabla ya mavuno mapya. Ukikuta wengi waliondoka Januari na Februari kutoka vijiji vilevile viwili au vitatu, unajua kwamba wengine watakuja Januari ijayo. Mpigie mtendaji wa kijiji hicho mwezi wa Novemba. Muulize ni kaya gani haina chakula, ni mtoto gani ameanza utoro shuleni, ni kaya gani ingestahili TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na haimo. Kuna mtu atakwambia hiyo siyo kazi ya mwenyekiti wa mtaa wa mjini. Ni kazi yako, maana mtoto yule akitoka Mpwapwa atashukia mlangoni pako. Jiji hili lilihesabiwa watu 410,956 mwaka 2012, na mwaka 2022 likafika 765,179. Litaendelea kuvuta watu, na watoto wamo.

Marekani mwaka 2017 serikali yao ilitangaza fedha kwa jamii 10 za kwanza zilizokubali kupanga namna ya kumaliza tatizo la vijana wasio na makazi. Katika masharti yake liko moja ninalolipenda: kila eneo liwe na bodi ya vijana, angalau watatu wasiozidi miaka 24, na theluthi mbili yao wawe wamewahi kukosa makazi wenyewe. Kwenye mtaa wako inatakiwa iwepo kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, zile zilizoletwa na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kama imelala, iamshe, na uwaketishe humo vijana wawili wa stendi. Wape chai kama wajumbe wengine na uwaache waseme kwanza. Wao wanajua ni mlinzi yupi anawapiga, ni nani anawauzia gundi, na ni mtoto yupi ameingia jana usiku na bado analia. Huyo wa jana ndiye wa kumkimbilia, kabla hajazoea.

Kisha tenganisha umri. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mamlaka ya serikali za mitaa ina wajibu kisheria wa kumlinda. Wewe ni sehemu ya mamlaka hiyo, kwa hiyo unapokwenda kwa afisa ustawi usiende kama mtu anayeomba hisani. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni bure. Iandike kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi yako.

Aliyevuka 18 shida yake ni nyingine. Hana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hivyo hasajili laini, hivyo hapokei hata malipo ya kibarua kwa simu. Chumba hapati, kwa sababu wenye nyumba wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Hapo ndipo muhuri wako una nguvu. Mwandikie barua ya utambulisho. Kaa na wenye nyumba watatu wenye moyo, uwaombe wapokee kodi ya mwezi mmoja mmoja kwa kijana ambaye mtaa unamdhamini. Katika mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ni ya vijana. Wasaidie waunde kikundi kinachotambulika. Na wewe una karakana. Mchukue mmoja umfundishe randa, umlipe kila Jumamosi.

Ukiandika mapendekezo yako, weka nauli na vocha za simu juu kabisa. Kumsindikiza mtoto hadi kwa shangazi yake, kisha kurudi kumwona baada ya mwezi na baada ya miezi mitatu, ndicho kitu tulichokosa siku ile ya lori.

SWALI: Mama, usiku wa Jumapili nilimkuta binti karibu na geti langu. Ni dada wa kazi kutoka Kondoa, anasema ana miaka 15, amefukuzwa bila mshahara. Yuko kwangu siku ya tatu. Nimkalishe tu anisaidie watoto?
Msomaji, Ipagala

JIBU: Umefanya vema kumfungulia, mwanangu. Mwenyekiti wa Nzuguni naye asome hapa: wasichana hutawahesabu kwenye vibaraza, kwa sababu huwa wanachukuliwa usiku uleule, na anayewachukua mara nyingi si mtu kama wewe.

Usimgeuze mfanyakazi. Leo hii mpeleke kwa mtendaji wa mtaa, aandikwe kwamba yuko kwako na tangu lini. Hilo linakulinda wewe na yeye. Piga 116 ukiwa naye. Afisa ustawi atawatafuta ndugu zake na kufuatilia mshahara wake, na kama amepigwa au kuguswa vibaya mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Usimpandishe basi la Kondoa peke yake hata akikuomba, mpaka sauti ya mtu anayemsubiri iwe imesikika kwenye simu. Na jioni ukirudi naye, muulize nani angependa ajue yuko salama.