Je, dhambi niliyoitenda bila kujua ni ya mauti?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kwa miaka kama mitatu tulikuwa na mtindo kazini: aliyefika anawasainia wenzake kwenye daftari la mahudhurio, na asiyefika analipwa kama kawaida. Nami nilisainiwa mara nyingi. Karibu wote tulifanya hivyo, na sikuona kuwa ni dhambi, ingawa kila alipokuja msimamizi mpya nilikuwa na hofu. Juzi kwenye semina tumeambiwa ni wizi. Je, muda wote ule nilikuwa katika dhambi ya mauti? Na komunyo nilizopokea? Rafiki yangu anasema dhamiri isipokushtaki, hakuna dhambi.

JIBU: Milele na milele, amina. Nianze na lile linalokutisha zaidi. Ulichojifunza juzi hakirudi nyuma kukutia hatia ya siku ambazo kweli hukukijua. Dhambi hupimwa kwa hali ya moyo wakati wa kutenda. Ila hilo neno "kweli" lina uzito wake, na nitalirudia.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1857, inataka mambo matatu yakutane ili dhambi iwe ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua vya kutosha kuwa ni ovu, na alikubali kwa hiari yake. Likikosekana moja, kosa bado ni kosa, lakini halijakata neema ya utakaso, yaani uzima wa Mungu, moyoni.

Uzito wa jambo kwako hauna ubishi mkubwa. Kupokea mshahara wa siku ambazo hukufanya kazi ni kuchukua mali ya mtu mwingine, na hiyo ni Amri ya Saba. Kusaini kwa jina la mwingine ni uongo unaoongezeka juu yake. Utasema siku moja si kitu. Siku moja pengine ni jambo jepesi. Lakini wako watu waliowahi kufundisha kwamba mwenye kuiba kidogo kidogo hatendi dhambi ya mauti asiporudisha, hata jumla ikiwa kubwa kiasi gani, na Papa Inosensi wa 11 aliikataa hoja hiyo mwaka 1679. Vidogo vinavyochukuliwa kwa mtu yuleyule hujumlishwa. Miaka mitatu ni jumla.

Kazi iko kwenye sharti la pili. Acha miaka mitatu, chukua asubuhi moja tu. Uko nyumbani, unamtumia mwenzako ujumbe: "Nisainie leo." Moyoni ulikuwa unasema nini? Kama ulisema, "Huu ndio utaratibu wetu, mkubwa anajua na hajali," ulikuwa umekosea kufikiri, lakini hukuwa unamkaidi Mungu kwa makusudi. Kama ulisema, "Hii si haki, ila wacha tu," basi ulijua, na semina imekupa jina la kitu ulichokuwa nacho tayari. Iko na hali ya tatu, ambayo mimi huiuliza kila mara kwa sababu watu huiruka: "Nisimuulize padre, asije akaniambia niache." Huko si kutojua. Ni kuchagua kutojua, na Katekisimu, namba 1859, inasema ujinga wa kujifanya haupunguzi hatia, unaiongeza.

Hofu yako ya msimamizi mpya peke yake haithibitishi kitu. Mtu anaweza kuogopa kukamatwa hata kwa jambo ambalo haoni ubaya wake. Ijaribu hivi: ungehakikishiwa kwamba hakuna atakayegundua kamwe, bado kungekuwa na kitu kinachokusumbua? Kama kingebaki, hiyo ilikuwa dhamiri yako ikiongea.

Hapo ndipo rafiki yako anapokosea, ingawa ameshika nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mtu analazimika kufuata dhamiri yake ikiwa na uhakika; anayetenda kinyume chake anajihukumu mwenyewe. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba hata dhamiri iliyokosea inafunga, yaani mtu hutenda dhambi akienda kinyume chake. Lakini mara moja aliongeza swali la pili: je, inaondoa hatia? Si kila mara. Inategemea kosa hilo limetoka wapi. Kama mtu hakuwa na njia ya kujua, hahesabiwi. Kama hakujali kutafuta, au mazoea ya kutenda dhambi yamempofusha kidogo kidogo (Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilitaja hilo mwaka 1965), basi naye ana sehemu ya lawama kwa upofu huo. Dhamiri ni hukumu ya akili juu ya tendo, na hakimu aliyekataa kusikiliza mashahidi hawezi kujisifu kuwa hakuona kosa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba hajui neno lolote baya juu ya nafsi yake, lakini hilo halimhesabii haki. Anayemhukumu ni Bwana. Mwambie rafiki yako asome sura ya nne ya waraka wa kwanza.

Kuhusu komunyo. Kanuni ya 916 ya Sheria za Kanisa inamzuia anayejijua kuwa ana dhambi nzito asipokee kabla ya kuungama, isipokuwa iwepo sababu nzito na hana nafasi ya kuungama; hata hapo lazima afanye majuto kamili, yaani yanayotokana na kumpenda Mungu, akikusudia kuungama mapema iwezekanavyo. Zingatia neno "anayejijua". Ulizopokea kwa moyo mweupe hazikuwa kufuru, basi usizifukue moja moja. Kama kulikuwa na siku ulizopanga mstari ukijua wazi umebeba dhambi nzito, hizo ziungame pia.

Nenda kitubio wiki hii. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulidai dhambi za mauti zitajwe kwa aina na idadi, kadiri mtu anavyokumbuka baada ya kujichunguza vema. Hautakiwi kuleta daftari. Inatosha: "Padre, kwa miaka mitatu, labda mara mbili tatu kwa mwezi, nilisainiwa siku ambazo sikufika kazini nikalipwa, na mimi nikawasainia wengine. Sina hakika nilijua kiasi gani kuwa ni wizi." Sentensi hiyo ya mwisho iseme kama ilivyo. Dhambi yenye shaka hulazimiki kuiungama, ila kwako naona ni heri uitaje uwe na amani, kisha uiache huko. Ukianza kuirudia kila mwezi kwa padre mwingine, utakuwa umeingia kwenye wasiwasi wa dhamiri, na dawa yake ya kale ni kumtii muungamishi mmoja.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Kutojua kunaweza kuondoa hatia, lakini hakumrudishii mwenye mali chake. Haki inadai malipizi hata ukiwa huna hatia ya mauti. Si lazima ujitangaze: unaweza kurudisha fedha kimyakimya, au kufanya saa za ziada bila kudai malipo hadi deni liishe. Kadirio lifanye kwa uaminifu, na ukishindwa kulipa lote kwa mara moja, panga na muungamishi wako namna ya kulipa kidogo kidogo.