Shangazi, mke wangu anadhani nina mzungu, kumbe ni sirizi za Kikorea

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Malindi, miaka 41, nina mke na watoto watatu. Siri yangu ni hii, naomba usinicheke: tangu wakati wa korona natazama sirizi za Kikorea. Kazi ilikuwa imesimama, wageni hakuna, boti zimelala, nikaona moja nikaipenda, na sasa watu wakishalala nazima taa naweka visikizi natazama mpaka saa nane, saa tisa. Siku hizi najifunza hadi Kikorea kwenye simu, nina daftari naandika herufi zao, nalificha kwenye boksi la spana. Vijana wa karakana wanasema hizo ni za wasichana wa sekondari. Basi simu nimeitia pasiwadi, natumia lile dirisha la faragha la intaneti (incognito), nafuta historia kila asubuhi, simu nailaza kifudifudi. Mke wangu ameanza kununa. Aliona notifikesheni ya yale maandishi akauliza ni nani huyo, nikasema ni matangazo. Halafu akifua akakuta karatasi kwenye mfuko wa shati imejaa herufi, akaniuliza kama ni hirizi, nikamwambia ni namba za spea. Hakuamini. Dadake amemwambia nimepata mzungu. Wallahi sina mtu. Niache kimyakimya yaishe ama nimwambie? Na wale vijana je?
Fundi, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na sikucheki. Mwambie, tena wiki hii, usingoje siku nzuri ije.

Hebu kaa mahali pa mkeo kidogo. Anaishi mji ambao Kiitaliano kinasikika mpaka sokoni na kila mtaa una hadithi ya bwana aliyechukuliwa na mgeni, halafu mumewe anakesha gizani na simu, asubuhi simu imelala kifudifudi, ikilia inaleta maandishi asiyoyajua. Hayo peke yake yanatosha kumnyima mtu usingizi. Kisha ikaja karatasi. Sisi watu wa Pwani karatasi yenye herufi usizoweza kuzisoma, imekunjwa mfukoni mwa mumeo, hatuichukulii hivihivi, na wewe unajua hivyo, mbona ukamwambia ni namba za spea? Mimi naogopa huyo mama sasa hivi anasoma Ayatul Kursiy kwenye mto kabla ya kulala, na wewe uko pembeni yake unatazama watu wa Seoul wakichumbiana.

Na hilo dirisha la faragha wacha nikueleze maana wengi mnalitegemea bila kujua kazi yake. Linachofanya ni kutohifadhi kumbukumbu kwenye simu yako, basi. Kampuni inayokuuzia bando bado inaona umeunganishwa na tovuti gani, tovuti zenyewe zinakuona, na ukishaingia na akaunti yako ndio kabisa, programu ya sinema inaweka orodha yake ya ulichotazama na uliishia dakika ya ngapi. Kule Marekani watu waliishtaki Google mwaka 2020 kwa jambo hilihili, na mwaka 2024 kampuni ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi. Kwa hivyo hesabu vizuri mwanangu: kampuni zinajua, akaunti inajua, mtu pekee uliyefanikiwa kumficha ni yule unayelala naye kitanda kimoja.

Sisemi umpe pasiwadi zote. Mtu mzima ana haki ya kuwa na chake, hata Katiba yetu ya Kenya ya 2010 kifungu cha 31 inalinda faragha, na ndoa haiifuti. Lakini faragha haikuhitaji useme uongo, na wewe umeshasema mara mbili. Hakuna aliyekuwekea sharti hilo, si mkeo, si dini, si mzee wako, ni maneno ya vijana wa karakana uliyoyabeba ukayaingiza nyumbani kwako ukayafanya sheria.

Halafu aibu yenyewe iko wapi? Sirizi yao kwa kawaida ni sehemu kama 16 inaisha, ina mwanzo ina mwisho, kijana akiongea na mkubwa wake anabadilisha mpaka kitenzi kwa heshima, mtu aliyelelewa na shikamoo lazima apende. Na hizo herufi zako zina historia ya kujivunia. Mfalme Sejong wa Korea alizikamilisha mwaka 1443, akazitangaza 1446, kwa sababu herufi za Kichina zilikuwa ngumu kwa raia wa kawaida, alitaka mkulima aweze kusoma. Leo herufi za msingi ni 24, fundi wa injini akijifunza usiku baada ya kazi anafanya kile kile mfalme alichotaka. Na Malindi kujuana na upande ule si jambo la jana, sisi ndio tuliopeleka twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415, Sejong hata hajakalia kiti.

Sasa namna ya kumwambia. Usianze na "nina jambo nataka kukwambia", utamuua na presha. Ngoja watoto walale, tieni chai, toa lile daftari kwenye boksi la spana uweke mapajani mwake afungue mwenyewe. Muandikie jina lake. Wakorea wanapanga herufi kwa viboksi, silabi moja boksi moja, kama ni Fatuma yatakuwa matatu, na kwa vile hawana F ataandikwa Patuma, hapo atacheka au atalia, vyote sawa. Kisha umwambie wazi: ile notifikesheni haikuwa matangazo, ile karatasi haikuwa spea. Yataje hayo mawili kwa jina. Atakasirika, na hasira yake itakuwa ya uongo wala si ya sirizi, basi nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Kuna kitu kimoja ana haki ya kukulaumu hata baada ya hapo, nacho ni saa tisa ya usiku. Mtu anayeshika injini na petroli hafai kufika kazini na macho mekundu, na mke hafai kulala na mgongo wa mtu. Tazama sehemu moja tu ya sirizi, saa tatu usiku, sebuleni, bila visikizi. Akitaka kukaa akae, akiona ni upuuzi aende zake alale, ni sawa pia.

Vijana wa karakana huna deni nao. Wakiuliza unatazama nini sema, wasipouliza piga spana. Dadake mkeo muachie mkeo, yeye ndiye atakayejua la kumwambia.