Mtoto akikabidhiwa chakula cha usiku: majibu kwa wasomaji

Juma lililopita niliandika kwamba mtoto wa miaka kumi na kuendelea anaweza kukabidhiwa chakula cha usiku mara moja kwa wiki, kuanzia kupanga hadi kupakua. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia.

Mwanangu ana miaka kumi, anataka kupika Jumamosi. Tunatumia jiko la mkaa. Nimruhusu? (Mama, Nzuguni)

Mruhusu, ila kuwasha jiko na kuepua sufuria ya maji ya moto viwe kazi yako kwa sasa. Sufuria zetu hazina mpini, na mtoto akishika vitambaa viwili huku anarudi kinyumenyume, ndipo ajali inapotokea. Jiko likae nje au kwenye baraza, mbali na njia wanayopita wadogo zake. Msiliingize chumbani hata kama upepo ni mkali: hewa ya mkaa inaua na haina harufu. Kama ni msichana, kanga aifunge vizuri au aivue kabisa.

Akiungua, mwagieni maji safi ya kawaida kwa dakika ishirini. Dawa ya meno na asali ziacheni kabatini. Kwa kuwa mgao wa maji tunaujua, ndoo iliyojaa na kopo viwepo kabla mkaa haujawashwa.

Nilimpa binti yangu wa miaka kumi na miwili shilingi elfu kumi apange mlo wa watu watano. Karudi na chipsi na soseji. Nifanye nini? (Baba, Area C)

Mle chipsi na soseji, baba. Ulimpa pesa, hukumpa mpango. Mara nyingine kaeni mezani siku moja kabla, aandike kilichopo ndani: unga, mafuta ya alizeti, chumvi, vitunguu. Kisha aandike kinachokosekana, na hicho tu ndicho kiende sokoni. Nenda naye soko la Majengo mara ya kwanza, aone fungu la nyanya laini la kupikia linavyouzwa kwa bei ya chini kuliko lile la nyanya ngumu za kachumbari.

Jambo lingine ambalo wazazi husahau kulifundisha ni saa. Maharage makavu ya kuliwa saa moja usiku hayaanzi saa kumi na mbili. Yanalowekwa tangu jana yake, maji yale yanamwagwa, na saa tisa alasiri yawe jikoni, yachemke kwa nguvu kwanza kabla moto haujapunguzwa. Mtoto anayejua kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kula ameshajifunza nusu ya upishi, hata kama bado hajashika mwiko. Mimi nampa huyo alama nyingi kuliko yule anayekoroga tu alichopangiwa na mama yake. Huyo wa pili ametumwa, hajapika.

Mjukuu wangu wa kiume anapika, majirani wanacheka. (Bibi, Mpwapwa)

Shikamoo bibi. Mpelekee jirani kibakuli.

Shikamoo shangazi. Nina miaka kumi na mitatu. Ugali wangu una madonge, na mlenda nikiupika watu wanaubakiza. (Ipagala)

Marahaba mwanangu. Madonge yanakuja unapomwaga unga mkavu mwingi kwa mara moja kwenye maji yanayotokota. Koroga unga kidogo na maji baridi kwanza, mimina kwenye maji ya moto huku unakoroga, uache uji uchemke hasa. Baada ya hapo ongeza unga kidogo kidogo ukisonga. Ukitumia uwele au mtama usitegemee ushikane kama sembe.

Mlenda mkavu ni mboga ya kukuokoa. Majani huchumwa wakati wa mvua, yanakaushwa na kutwangwa, kisha nyumba inakula kiangazi kizima. Chemsha maji na nyanya zilizopondwa, magadi kiasi cha kubana kwa vidole viwili tu (nadhani hapa ndipo unapoharibu, magadi yakizidi mboga inakuwa chungu), nyunyiza unga wa mlenda huku unapekecha, halafu chumvi na karanga zilizotwangwa. Acha karanga ziive vizuri kabla hujaepua.

Kuhusu karanga: ninunue za kusagwa tayari ili kumrahisishia mtoto? (Mama, Kibaigwa)

Hapana, na hili nalisema kwa ukali. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, hasa zisipokaushwa na kuhifadhiwa vizuri, na moto wa jikoni hauimalizi. Ikishasagwa huoni kilichoingia. Nunua karanga nzima, mpe mtoto ungo, achambue: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zilizovunjika, zote zitolewe na zisitupiwe kuku. Akitafuna moja ikiwa chungu, ateme. Mahindi nayo yachambuliwe hivyohivyo kabla ya kwenda mashineni. Kuchambua hakuondoi sumu yote, maana punje nzuri kwa macho inaweza kuwa nayo, lakini hupunguza sana. Kazi hii mtoto wa miaka sita anaiweza, wala haihitaji moto.

Wangu amepanga makande Jumamosi tatu mfululizo. Wenzake wamechoka. (Baba, Kikuyu)

Wekeni sharti moja: chakula kisirudiwe ndani ya mwezi. Na wanaolalamika wapangiwe Jumamosi zao, pamoja na kuosha masufuria ya makande, ambayo yakigandia yanahitaji kulowekwa usiku kucha.