Kijiti cha Chuma au cha Nyuzi za Kioo?

SWALI: Jino langu la mbele la juu lilitibiwa mzizi miaka sita iliyopita, likawekewa kijiti cha chuma ndani ya mzizi, na juu yake kofia, yaani jino bandia la kufunika. Mwezi uliopita, nikiwa stendi ya Uyole nakula mahindi ya kuchoma, kofia ilichomoka pamoja na kijiti chake, kikiwa na ganda la simenti upande mmoja tu. Daktari mmoja anasema nirudishiwe kilekile. Wa pili, wa Mbeya mjini, anashauri kijiti cha nyuzi za kioo. Mwanangu ni seremala, naye anashangaa kioo kitashindaje chuma. Nimsikilize nani? – Mwalimu mstaafu, Mafinga.

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Ganda hilo la upande mmoja linaeleza mengi. Meno ya chini huyasukuma ya juu ya mbele kwa mshazari, kutoka nyuma kwenda nje, hivyo kila unapong'ata kijiti hupindishwa kidogo: upande mmoja simenti hugandamizwa, upande wa pili huvutwa. Simenti nyingi za meno huvumilia sana kugandamizwa lakini hazivumilii kuvutwa, na huachia kidogo kidogo kwa miaka kabla mwenye jino hajahisi lolote.

Mwanao ana haki ya kushangaa, ila kijiti hakiwekwi ili kuimarisha mzizi. Kazi yake ni kushikilia kisiki kinachobeba kofia. Ukakamavu wa dentini, yaani mwili wa jino, ni takriban gigapaskali 18 (kipimo cha ukakamavu: namba ikiwa kubwa, kitu ni kigumu zaidi kupinda), wa chuma cha pua ni karibu 200, na wa titani ni kama 110. Mzizi unapotaka kupinda, chuma hukataa, kisha mkazo hushuka nacho hadi karibu na ncha yake, mahali ambapo mzizi ni mwembamba. Seremala anaijua kabari: hupasua gogo kwa sababu yenyewe haikubali kupinda. Mzizi uliopasuka kwa urefu kwa kawaida huishia kung'olewa.

Kijiti cha nyuzi za kioo kinaukaribia zaidi ukakamavu wa dentini, kwa hiyo hupinda pamoja na mzizi. Mkazo hauondoki, sehemu kubwa hubaki shingoni mwa jino na kwenye simenti, na kikishindwa, mara nyingi huachia tu kikabandikwa upya. Kwa sababu hiyo namuunga mkono daktari wa pili, mradi atumie simenti ya rezini, yaani ya aina ya plastiki, inayojigandisha hata mahali mwanga wa taa usipofika, katika tabaka jembamba, na asafishe mabaki ya dawa zenye mafuta ya karafuu, kwa kuwa huzuia rezini isigande vizuri.

Hata hivyo, swali ambalo ningependa umuulize kwanza ni hili: juu ya ufizi kumebaki jino kiasi gani? Panahitajika ukuta wa milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pande zote, ambao kofia itaukumbatia kama pete ya chuma inavyobana mpini wa patasi usipasuke. Ukuta huo ukikosekana, ubora wa kijiti hausaidii sana.

Kwa kuwa mwezi umepita na mate yamekuwa yakiingia, huenda mzizi ukahitaji kutibiwa upya. Piga eksirei kwanza, hasa kutafuta ufa, na usijaribu kuibandika kofia kwa gundi ya dukani. Iweke kwenye kikopo safi uende nayo.