Mkuu, usianze na rangi ya mafuta!

Acha kabisa. Umeandika kwamba unaanzisha darasa la sanaa ya majaribio kwa vijana. Hizo hadibodi (mbao nyembamba za nyuzi zilizogandamizwa) unazotaka kuzipaka rangi ya geti iliyobaki, ambayo ni ya mafuta, "ili zisinywe rangi", kisha vijana wabandike magazeti na vipande vya kitenge na kumalizia kwa rangi ya maji, usizipake. Najua umeuliza pia habari za ukumbi hapa Dodoma, ada na umri wa kuanzia, ila nilipofika kwenye hadibodi nilishindwa kuendelea kusoma.

Nilifanya hivyohivyo na kikundi cha vijana huku Nkuhungu, hapahapa Dodoma. Ilikuwa kiangazi, rangi inakauka upesi, kila mtu ana furaha. Tulibandika magazeti, vitenge na nyuzi za katani, tukanyunyiza mchanga, juu tukapaka rangi ya ukutani. Kazi zilipendeza kweli. Binti mmoja alimchora bibi yake akipiga ngoma ya muheme, nguo aliyovaa bibi ni kitenge halisi, uso umejengwa kwa vipande vya gazeti. Siku ya maonyesho mgeni mmoja akaitaka, akatoa na malipo ya awali. Akaishika pembeni ili ainyooshe ukutani, kona ikanyanyuka. Binti akakimbilia kuibonyeza irudi. Uso wa bibi ukatoka wote kama ganda la kitunguu, ukabaki mkononi mwake, na chini yake rangi ya geti inang'aa, haina hata alama. Tukakagua nyingine: karibu zote zilikuwa zimeachia pembeni.

Hela ya mgeni ilirudishwa. Wazazi waliochangia vifaa walitaka maelezo, wakayapata. Lakini yule binti hakurudi tena darasani, na hilo ndilo lililoniuma kuliko hela. Vifaa hununuliwa upya. Mtoto aliyeona kazi yake inabanduka mbele za watu humrudishi kwa kumwambia "tutajaribu tena".

Aliyenipoteza ni mwezeshaji wa semina moja, mtu wa maneno matamu. "Hii ni sanaa ya majaribio, haina sheria, rangi ni rangi." Nilimuuliza kama gundi itashika juu ya mafuta, akanijibu kwamba hata mchoraji Tingatinga alitumia rangi za baiskeli. Nina hasira naye mpaka leo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alipaka rangi ya mafuta kwenye hadibodi, na rangi iliyofuata juu yake ilikuwa ya mafuta vilevile. Mafuta kwa mafuta yanashikana. Gazeti lililopakwa gundi ya maji ni habari nyingine kabisa! Kumtaja mzee wa watu, aliyefariki 1972 na hawezi kujitetea, ili kuficha kwamba wewe hujawahi kujaribu hata kibao kimoja nyumbani kwako, ni kumkosea yeye na kuwakosea watoto.

Sababu yenyewe ni hii. Rangi ya maji hukauka maji yakiondoka, na kwa hewa yetu kavu ya Juni mpaka Oktoba yanaondoka haraka mno. Rangi ya mafuta haiendi hivyo. Thina ikishapaa, kilichobaki hukomaa polepole kwa kukutana na hewa. Juu utaona pamekauka, ndani bado ni laini kwa siku nyingi. Na ikishakomaa inakuwa telezi, gundi haipati pa kung'ang'ania. Tabaka la juu linasinyaa, la chini halilishiki, basi litajikunja tu. Ukigeuza mpangilio tatizo linaisha, kwa sababu rangi ya maji isiyong'aa ina vinyweleo na mafuta hujishikiza humo.

Kwa hiyo maji chini, mafuta juu. Mengine yote waachie vijana wajaribu watakavyo. Hili usiwaachie.

Hadibodi mbichi ipake gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, pande zote mbili, maana ukipaka upande mmoja itapinda. Fuatisha rangi ya maji nyeupe isiyong'aa. Hapo sasa wacheze. Udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, ukichanganywa na gundi hiyohiyo, unatoa rangi nzuri sana. Ukipata usafiri wapeleke Kolo, Kondoa, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, waone wekundu wa namna hiyo umekaa kwenye jiwe muda gani. Gazeti na kitenge vipakwe gundi chini na juu, mapovu yasukumwe kwa kidole. Usiendelee mpaka ukigusa kwa mgongo wa mkono husikii ubaridi, kwani ubaridi ni maji yaliyobaki. Kalamu za nta zihesabu upande wa mafuta, gundi haikai juu yake. Rangi ya geti ije mwisho kabisa, mistari michache, uipake wewe mwenyewe, nje penye upepo. Vijana wasivute thina chumbani.

Zile ambazo umeshazipaka usizitupe. Zigeuze, tumia upande wa nyuma wenye mikwaruzo. Na kabla ya darasa la kwanza tengeneza kipande kimoja, kiache siku kadhaa, bandika seloteipu juu yake, ikandamize kwa ukucha, kisha ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, usiwaite vijana bado.