Re: Ratiba ya kufunza watoto nyumbani inanishinda

Pole sana dadangu. Nimesoma vile unasema wa miaka 5 na wa 7 wanaanza vizuri Jumatatu alafu Jumatano kila mtu analia, hata wewe. Hapa Nakuru nilipitia hiyo hiyo na wangu wawili.

Kitu ya kwanza, acha kuiga shule ya saa mbili mpaka saa tisa. Hata kwa CBC, ule mtaala wa shule za Kenya, lesson moja ya Grade 1 ni dakika 30 tu, na huko kuna mwalimu na darasa nzima, so wewe na wawili masaa mawili asubuhi inatosha kabisa. Mimi nilianza na kusoma na hesabu pekee, wiki tatu hivi, ndio nikaongeza zingine polepole. Mkubwa akiandika, mdogo anapanga maharagwe kumi kumi, alafu mnabadilishana.

Ijumaa usishike kitabu. Wapeleke soko ya Kibuye hapo Kisumu wanunue nyanya na wahesabu chenji wenyewe, ama ufuo wa Dunga waone samaki wakishushwa, hiyo ni somo kamili na watakuuliza maswali wiki mzima.

Curriculum design, yaani mipango ya masomo ya kila darasa, ziko kwa website ya KICD, taasisi ya serikali ya kutengeneza mtaala, tumia hizo ndio wakirudi shule wasipotee.

Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka mtoto awe shuleni, kwa hivyo ongea na wakili mapema, usingoje chief akuulize. Na huyo mkubwa kama bado anachanganya herufi sana, mpeleke EARC, kituo cha kupima watoto wenye shida ya kujifunza, wamuangalie, ni muhimu.